Si Sokwe, Si Makako

Ninyi vijana wa labo mmenisumbua vya kutosha. "Mama Konso, andika. Mama Konso, andika kabla hujasahau." Kumbe mnaniona nimezeeka kiasi hicho! Haya, asanteni. Nimestaafu, nimeingia retreti, juzi juzi tu, na kilichochoka ni magoti. Kichwa bado kizima. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, maana mkiyasoma mtaacha kazi wote kesho asubuhi, na nani atabaki kufuta vumbi kwenye mafuvu yangu?

Kituo chetu, mnajua, ni cha samaki. Ziwa liko pale mbele, na wageni wote wanaokuja Uvira wanataka kuona samaki. Sisi wa wanyama wa nchi kavu tulipewa chumba kimoja nyuma, karibu na choo, na wenzetu wa samaki walikiita chumba cha mafuvu. Mimi nilifika pale nikiwa msichana wa Kiringye, mtoto wa walima mpunga, na diplome yangu ya sekondari ndani ya mfuko wa plastiki na viatu vya kisigino ambavyo vilikuwa vya dada yangu. Nilidhani labo ni mahali pa kukaa kwenye kiti.

Mkubwa wa chumba alikuwa Papa Anselimi. Mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Hakuniuliza diplome. Aliniambia nifumbe macho, akaniwekea kitu mkononi, kikavu, chepesi, kidogo kuliko yai la bata.

"Ingiza kidole mu shimo ya jicho," akasema.

Yesu Maria! Nilikaribia kukitupa. Lakini niliingiza kidole kidogo, na kikapita, kikatokea pembeni kwenye shavu. Akaniwekea kingine, kikubwa zaidi. Hapo kidole kiliingia kikagonga ukuta.

"Fumbua sasa. Ya kwanza iko komba. Ya pili iko makako."

Komba nilimjua. Nani wa Kiringye hamjui? Yule mdogo wa macho makubwa anayelia kwenye miti kama mtoto aliyenyimwa kitu. Makako pia nilimjua, maana ndilo jina tunalowaita kima wote wanaoiba mahindi. Sikujua kwamba ndani ya uso wao kuna tofauti hiyo: kwa komba, jicho limezungukwa na pete ya mfupa tu, nyuma wazi; kwa makako, jicho limekaa ndani ya kikombe. Papa Anselimi akanishika kidole na kukiweka pembeni ya jicho langu mwenyewe, juu ya shavu, akakibonyeza mpaka nikaumia.

"Na yako je? Kuko njia?"

"Hakuna, Papa. Kuko ukuta."

"Basi weye uko wa nyumba ya makako na sokwe. Komba iko wa nyumba ingine. Karibu ku kazi."

Hiyo ndiyo ilikuwa interviu yangu. Viatu vya dada nilivivua siku hiyo hiyo na sikuvivaa tena pale ndani.

Kabati letu lilikuwa na pande mbili, na pande hizo mnazijua, lakini acheni nieleze jinsi nilivyofundishwa mimi. Upande wa kushoto walikaa wenye pua mbichi: wale ambao ncha ya pua yao ina unyevu kama ya mbwa. Meno yao ya mbele ya chini yamelala, yamepangika pamoja, wanachania nywele nayo. Na katika mguu, kidole cha pili kina ukucha mrefu wa kujikunia, wakati vidole vingine vina kucha bapa kama zetu. Upande wa kulia walikaa wenye pua kavu: makako, nyani, sokwe, na mahali patupu ambapo Papa Anselimi alisema ni petu sisi, ila hakuna aliyejitolea.

Upande wa kushoto kulikuwa na fuvu moja la plasta, jeupe, ambalo yeye mwenyewe alilibeba kutoka Madagaska alipokwenda kusoma akiwa kijana. Lilikuwa la lemuri. Lemuri hawako Uvira, hawako Kongo, hawako bara lote la Afrika; wako kisiwani kwao tu. Akaniwekea lile fuvu mkono wa kulia na la komba wetu mkono wa kushoto, akasema nitafute mwenyewe. Nikatafuta. Kidole kikapita huku, kikapita na huku. Kitana cha meno huku, kitana huku. Nikamwangalia.

"Lakini Papa, Madagaska si iko mu bahari?"

"Iko mu bahari."

"Sasa hawa ndugu walifikaje kule?"

Akanieleza polepole, huku anafuta miwani. Wataalamu wengi wanaona kwamba mababu wa lemuri walitoka huku kwetu Afrika, zaidi ya miaka milioni hamsini iliyopita, wakiwa wameshikilia miti na majani yaliyong'olewa na mafuriko na kubebwa na maji mpaka ng'ambo. Wachache tu, labda. Kule wakakuta kisiwa hakina mwenzao wa kugombana naye, wakazaana, wakagawanyika, wengine wakawa wadogo wa kutosha kulala ndani ya kiganja, wengine, ambao wamekwisha kufa wote, wakawa wakubwa kama mtu. Na waliobaki huku bara wakawa komba na poto.

Mimi nimekua kando ya Ruzizi. Nimeona mto ukifurika unavyosukuma visiwa vya matete mpaka ziwani, ndege amekaa juu, nyoka ndani. Nilikuwa nimeona hayo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza hao abiria wanaishia wapi. Siku hiyo nilishika yale mafuvu mawili mpaka saa ya kufunga.

Kazi yenyewe ilikuwa chafu. Mnyama akiletwa amekufa, tunamzika ndani ya sanduku la mchanga, siafu na wadudu wanakula wanachokula, kisha tunachekecha mchanga kwa chujio la unga na kuokota mfupa mmoja mmoja. Tulitumia mswaki, lupe ya kukuzia, na maji ya vuguvugu. Chujio hilo niliwahi kulikuta jikoni kwa mke wa mlinzi, lakini hilo tuliache.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa poto. Poto ni ndugu ya komba, ila komba anaruka na poto haruki. Anatembea juu ya tawi polepole, mkono mmoja, mguu mmoja, kama anayepita kwenye nyumba yenye watu waliolala. Anatoka kwenye misitu ya milimani huko juu yetu. Nilimchekecha, nikapanga mifupa ya mkono juu ya karatasi, na kidole cha shahada kikakosekana. Kulikuwa na vifupa kama punje za mchele tu, nikavisukuma pembeni. Nikarudi kwenye mchanga. Nikachekecha tena. Nikapanga mkono wa pili: kidole kilekile hakipo! Nikachekecha mchanga wote, nikamwaga, nikapiga magoti uani nikitafuta, nikijua kwamba kesho ninarudishwa Kiringye kulima. Papa Anselimi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananiangalia tu.

"Unatafuta nini, Konso?"

"Vidole, Papa. Nimepoteza viwili."

"Hukupoteza. Umevisukuma pembeni."

Poto amezaliwa hivyo. Kidole cha shahada kwake kimepungua mpaka kimebaki kinundu, ili mkono ufunguke mpana na kukamata tawi kama koleo. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shati. Mimi sikucheka, nilikuwa na mchanga mpaka ndani ya masikio. Lakini nilipoviweka vile vifupa mahali pake, mkono ule ukatulia, ukawa mkono kamili, na nikaona kwamba hakuna kilichokosekana tangu mwanzo.

Jambo jingine alilonifundisha ni kubandua karatasi. Upande wa kushoto wa kabati palikuwa pameandikwa, tangu zamani za watu wengine, "wa chini", na upande wa kulia "wa juu". Na kati ya hao wa chini alikuwemo mnyama mmoja mdogo wa Asia, tasia, macho makubwa kuliko tumbo. Zamani walimweka na lemuri kwa sababu ya udogo na macho. Baadaye wakaangalia vizuri: pua yake kavu, na nyuma ya jicho karibu pote pana ukuta. Akahamia nyumba yetu. Papa Anselimi akachukua wembe, akahamisha picha yake, kisha akakwangua na yale maneno ya chini na juu. "Kila mmoja amesafiri miaka sawasawa na mwenzake," alisema. "Hakuna aliyebaki nyuma." Nikamuuliza kama vitabu vya zamani vilikuwa vinadanganya. Akasema hapana, walikuwa bado wanaangalia.

Sasa niwaambie kesi ambayo ndiyo mliyonisumbua niandike.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima kazini, Papa Anselimi amebaki na nywele chache za mwisho. Mchana mmoja moto, yaani pikipiki, ilikuja mbio kutoka Kalundu, na ujumbe kutoka kwa mkubwa wa maajenti wa mazingira pale bandarini: tumekamata mwanamke na mtoto wa sokwe, njooni mthibitishe, kesho asubuhi wote wawili wanapelekwa Bukavu. Sokwe, mnajua, sheria imemlinda kabisa. Anayekamatwa naye haendi kula sikukuu. Nilichukua begi, Papa Anselimi akanifuata. Sijui kwa nini, nikatumbukiza na sanduku la mifupa ya yule poto wangu wa kwanza.

Bandarini watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi, wabeba mizigo, wauza ndagala wa ziwani, kila mtu ana hukumu yake. Ndani alikuwapo Shefu Bahati, mkubwa huyo aliyetuma ujumbe, kijana mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi, na kwenye kona, chini, mwanamke wa Makobola aitwaye Mama Furaha. Mbele ya blauzi yake kulikuwa kumelowa mahali pawili, na alikuwa amejifunika kwa kitenge asionekane.

"Niko na mutoto wa kunyonya ku nyumba," aliniambia kabla sijasema hata shikamoo. "Wa miezi. Nilimuacha ku jirani asubuhi, nikasema nitarudi mbele ya saa ya chakula. Mama, minye sikukamata nyama yoyote ya pori. Nilikata ndizi zangu kule juu ku shamba, nikateremusha mukungu, nikaleta hapa. Mubeba mizigo njo aliona mukono unatokea mu ndizi."

Shefu Bahati hakuwa mtu mbaya. Hilo liandikeni. Alikuwa amekasirika kweli, na hasira ya mtu anayependa kazi yake haina kelele. "Mama Konso, angalia. Haiko na mukia. Mikono kama ya mutu. Na tena angalia hapa," sauti yake ikashuka, "bamemukata vidole. Mikono yote mbili. Kwa ajili ya dawa. Nyama yenyewe bado mutoto!"

Nikamwangalia mnyama ndani ya katoni. Alikuwa mdogo wa kahawia, manyoya mazito, amejikunja ameshikilia kipande cha kikonyo cha mgomba ambacho hawakuweza kumtoa. Macho ya mviringo. Na kidole cha shahada, kulia na kushoto, kinundu.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikafungua sanduku, nikapanga mkono wa mifupa juu ya meza ya Shefu Bahati, kwenye karatasi nyeupe. Papa Anselimi akavuta kiti, akaketi, akaniachia kazi yote kama kawaida yake.

"Shefu, huyu alikufa zamani, mbele Mama Furaha aolewe. Hesabu vidole."

Akahesabu. Akafika kwenye vile vifupa kama punje za mchele, akainama. "Naye bamemukata?"

"Hakuna aliyemkata. Amezaliwa hivi. Na baba yake, na babu yake, na wote waliotangulia, tangu wakati hakukuwa na mtu mwenye kisu. Mkia anao, uko ndani ya manyoya, gusa. Gusa na pua."

Akagusa pua kwa ncha ya kidole, akauvuta mkono. "Iko mbichi."

"Sasa gusa yako."

Wale wa dirishani wakacheka. Wakati huo huo mnyama, ambaye alikuwa hajasogea tangu asubuhi, akainua mguu polepole akajikuna nyuma ya sikio kwa ukucha mmoja mrefu, ule wa kidole cha pili, mbele ya macho yetu sote. Vidole vingine vilikuwa na kucha bapa. Nikamwonyesha Shefu Bahati. Nikamwambia kwamba ukucha ule ule, wa kidole kile kile, anao komba wa bonde la Ruzizi na anao lemuri wa Madagaska ambaye hajaonana na hawa tangu bahari iwatenganishe. Wauza ndagala wakasukumana dirishani wauone.

"Kwa hiyo si sokwe," akasema Shefu Bahati.

"Si sokwe, si makako. Ni poto."

"Sasa aliingiaje mu ndizi?"

Hapo Papa Anselimi ndipo alipofungua mdomo. "Mama yake alimuweka. Hawa wa nyumba ya pua mbichi, wengi njo desturi yao. Mama akienda kutafuta chakula, anamuacha mutoto ku tawi, anamuambia kwa namna yao akae kimya. Mutoto anashika, hasogei. Akishiba mama anarudi palepale. Huyu aliachwa ku mukungu pembeni ya musitu. Mama Furaha akakata mukungu."

Mama Furaha akainua uso. Nilimwona akihesabu saa ndani ya kichwa.

"Alimuacha," akasema. "Akarudi hakukuta."

Akajishika kifua kwa mikono yote miwili na akaanza kulia kwa sauti, kwa ajili ya yupi kati ya watoto wawili sijui, labda na yeye hakujua.

Lakini Bukavu walikwisha kuambiwa. Mkubwa wake Shefu Bahati alikuwa amepiga simu mara nyingi, anataka mtuhumiwa na ushahidi, anataka na picha. Kijana alitembea chumbani mle kwenda na kurudi. Angemwachia mwanamke bila amri, sare ile angeivua. Papa Anselimi akamwambia kwamba mnyama hatafika Bukavu mzima. Na hata akifika, hakuna atakayemnyonyesha.

"Twende tumurudishe leo," akasema Shefu Bahati. "Mama atatuonyesha ndizi zilikuwa wapi. Halafu nitaona nitasema nini." Akatazama simu yake kama kitu kinachouma.

Tulipita Makobola kwanza. Mama Furaha aliingia kwa jirani akatoka na mtoto amekwisha kumbandika kifuani, na hakumwondoa hapo njia yote ya kupanda. Papa Anselimi alilalamika kila kona. Shamba la Mama Furaha lilikuwa juu, mahali ambapo bado kuna kipande cha msitu ndani ya bonde. Jua letu, mnajua, linajificha nyuma ya milima mapema. Chini ya miti kulikuwa tayari na giza wakati ziwa, kule upande wa Burundi, lilikuwa bado linang'aa. Mgomba uliokatwa tuliuona, utomvu umekauka. Tukamweka yule mnyama mdogo, na kikonyo chake, juu ya tawi lililokuwa karibu. Tukarudi nyuma, tukakaa chini.

Akaita. Sauti ndogo kama mtu anayefyatua ulimi. Akaita tena. Kisha juu, ndani ya majani, kitu kikajibu.

Nimefanya kazi na mifupa yao miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kumwona mmoja anakuja. Alikuja bila kutikisa jani. Mkono, mguu, mkono, anasimama. Papa Anselimi aliwasha tochi mara moja, akaizima, na katika mara hiyo moja tuliona macho mawili ya rangi ya chungwa, yanawaka, yanatutazama. Niliwaza: mama wa namna hii alikuwa anarudi kwenye tawi lake kabla milima hii haijainuka, kabla ziwa halijachimbika, kabla hakujawa na mtu wa kumpa jina. Amerudi, amerudi, amerudi, na leo alirudi akakuta pamekatwa. Nilijiona mgeni wa juzi. Nilifanya ishara ya msalaba, na wala sioni haya.

Alipofika, mtoto aliachia kikonyo kwa mara ya kwanza, akamshika mama tumboni. Wakageuka. Wakaondoka polepole vilevile, mpaka majani yakabaki majani. Machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Furaha na mtoto wake alikuwa amelala.

Tulipoteremka mpaka pale ambapo simu zinapata mtandao, ya Shefu Bahati ikalia. Alisimama. Mama Furaha naye akasimama, akamkumbatia mtoto kwa nguvu, maana alijua ni Bukavu, na sote tulijua. Shefu Bahati akanyoosha sare, akaiweka simu sikioni. Sauti ya mkubwa wake tuliisikia sote: anauliza mtoto wa sokwe yuko wapi, na yule mwanamke yuko wapi, amekabidhi kwa nani?

"Hapana sokwe, shefu. Tulikosea," akasema. "Mutoto tumemurudisha kwa mama yake. Na mama, tumemurudisha kwa mutoto wake."